Mkono wa Mzee Cheche

Pikapu ya kijivu iliingia gerejini saa saba mchana, na kabla haijazimwa Mama Difu alikuwa ameshaacha kula. Ilipokata kona kupita langoni, tairi ya nyuma ya upande wa ndani iliruka, ikagonga sakafu ya saruji, ikaruka tena. Iliacha alama mbili fupi nyeusi, kama mtu aliyefuta kidole chenye masizi. Mama Difu aliziangalia alama zile, akafunika bakuli lake, akainuka.

Jina hilo alipewa na madereva. Kila kazi ya gari aliifanya, lakini mlio ukitoka nyuma, kwenye difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu mawili, watu walivuka mji mzima kumfuata yeye. Walisema anasikia meno ya gia yanavyosengenyana.

Aliyeshuka alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu wa maneno mengi na haraka nyingi zaidi.

"Shemeji, usinipe hata kiti! Nibadilishie oili ya difu tu niondoke. Kesho naanza kazi."

"Kazi gani?"

"Nawabeba walimu kwenda ile shule ya mlimani na kuwarudisha. Wanane nyuma, mdogo wako mbele kama malkia. Atakoma kulalamika miguu."

"Gari umelitoa wapi?"

"Machimbo ya kokoto. Bosi wa kule alikuwa nayo mawili, mapacha, yamekuja siku moja. Moja kaniuzia mimi, jingine bado analo dereva wake, Konokono, anawashushia akina mama wanaoponda kokoto. Shemeji, hili gari linapanda tope kama kiboko!"

"Na huo mlio wa ko-ko-ko ukikata kona?"

"Wameniambia ni oili imezeeka."

"Lina difu gani?"

Shemeji alicheka. "Difu si difu tu?"

"Na maji si maji tu? Mbona hunywi ya betri?"

Alifungua mlango wa dereva akainama. Kwenye nguzo ya mlango, pale ambapo kiwanda hubandika kibati chenye namba za gari na aina ya difu, palikuwa na matundu mawili ya skrubu na kutu. Kibati hakikuwepo. Akaingia chini ya gari na tochi. Lebo ndogo ambayo hufungwa kwenye bolti ya mfuniko wa difu nayo haikuwepo. Bolti zenyewe zilikuwa mpya, zinang'aa, kwenye mfuniko uliojaa udongo wa miaka kumi.

"Limefunguliwa hili," alisema akiwa chini.

"Si vizuri? Maana yake limehudumiwa."

Alitoka chini ya gari. Nje manyunyu yalianza kugonga bati, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu mlango.

Alinyanyua sehemu ya nyuma kwa jeki, akaweka stendi mbili, akatoa gia na kuachia breki ya mkono. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakabaki hewani.

"Njoo uone, maana kesho utambeba mdogo wangu humu. Difu ya kawaida, ukizungusha gurudumu hili mbele, lile jingine linarudi nyuma. Ndivyo inavyoliruhusu gari kukata kona, kwa sababu gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Hiyo tunaiwekea oili ya gia ya kawaida, themanini kwa tisini, mambo yamekwisha. Lakini kuna difu ya kubana. Hiyo ina pleti ndani zinazoyashika magurudumu yote mawili, moja likiteleza jingine livute. Hiyo magurudumu huenda upande mmoja, na oili yake ina dawa ya zile pleti. Ukiiwekea ya kawaida, italia kama mbuzi."

Alizungusha gurudumu la kushoto. La kulia likaenda naye, upande uleule, papo hapo, kama limefungwa kamba.

"Ya kubana!" Shemeji alipiga makofi. "Nimebahatika!"

"Subiri. Shika la upande wako, ulizuie kwa nguvu zako zote."

Mama Difu alipitisha mtaimbo kati ya bolti za gurudumu, akaegemeza uzito wake wote. Difu ya kubana nayo huachia ukiilazimisha, hugoma halafu hujisalimisha polepole. Hii haikuachia hata upana wa ukucha. Mtaimbo ulianza kupinda, na shemeji upande wa pili akapiga kelele kwamba anavunjwa mikono.

Akaacha. Alifuta jasho kwa mkono wa ovaroli. Utani wake ulikuwa umekwisha.

Alilegeza kwanza bolti ya kujazia oili, kama alivyofundishwa: usimwage kabla hujajua pa kurudishia. Kisha akafungua ya chini. Oili ya difu kwa kawaida hunuka kama yai viza, na fundi huizoea harufu hiyo kama muuza samaki anavyozoea ya kwake. Hii ilinuka kuungua. Ilitoka nyeusi na nzito, na ndani yake vumbi la chuma lilimeremeta kwenye mwanga wa tochi. Bolti ya chini ilikuwa na sumaku kwenye ncha. Juu ya sumaku, katikati ya uji wa chuma, palikuwa na punje moja ya mviringo, ndogo kama mtama.

Aliifuta, akaiweka kiganjani, akaitazama kwa muda.

"Jino limevunjika?" shemeji aliuliza.

"Jino halivunjiki likawa duara. Hili ni tone la chuma kilichoyeyuka."

Ilikuwa inakaribia saa nane na nusu alipotoa mfuniko wa nyuma na kuangaza ndani. Katikati ya difu huwa na gia ndogo nne, ambazo kazi yake ni kuzungukana ili gurudumu moja liweze kulipita jingine. Hapa gia zote nne zilikuwa zimechomelewa zikawa kitu kimoja. Mistari ya uchomeleaji ilipita juu ya meno, minene, iliyopangika vizuri, kila wimbi juu ya jingine kama nywele zilizosukwa. Kwenye mwisho wa kila mstari mkono ule ulikuwa umerudi nyuma kidogo na kuvuta kijimkia upande wa kushoto. Na katika mstari wa tatu palikuwa na ufa uliopita kuanzia juu hadi chini.

Alisogeza tochi karibu na kile kijimkia.

"Shemeji, kuna nini humo?"

"Nenda kaninunulie gundi ya gasketi," alisema. "Duka la karibu limefungwa. Nenda la sokoni."

Duka la karibu lilikuwa wazi. Shemeji aliondoka chini ya mvua bila kuuliza, na Mama Difu akakaa kwenye stuli mbele ya difu lililo wazi, tochi mapajani.

Kijimkia kile alikijua. Katika mji wote palikuwa na fundi mmoja tu aliyechomelea kwa mkono wa kushoto na kumaliza hivyo, naye aliitwa Mzee Cheche. Miaka ishirini na miwili nyuma, wakati kila gereji ilimcheka msichana aliyeshika spana, Mzee Cheche alimpa ovaroli lake kuukuu na kumwambia akunje mikono, kazi haina jinsia. Alikaa naye miaka tisa. Baba yake alipofariki, Mzee Cheche ndiye aliyesimama kama baba siku ya harusi yake. Na ndiye aliyemwambia, akipiga meza, kwamba fundi anayechomelea difu la gari la barabarani ni muuaji ambaye hajapata tarehe.

Nyuma ya gereji, kwenye vyuma chakavu, palikuwa na difu la kawaida la gari kama hili. Angeweza kulifunga leo leo. Hili lililochomelewa angelitupa chini kabisa ya lundo, shemeji angeambiwa gia zilikwisha, na jina la mzee lingebaki lilivyo. Aliliwaza hilo mara ya kwanza, akaona aibu. Akaliwaza mara ya pili, na aibu ilikuwa imepungua. Alianza hata kuhesabu bolti. Mvua ilikaza. Pembeni ya kichwa chake palikuwa na neno moja alilolisikia mchana ule ambalo hakutaka kuliita, na kila lilipokaribia aliligeuzia mgongo.

Mapacha.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kamili alipoinuka.

Kwa Mzee Cheche palikuwa mitaa mitatu. Alimkuta kibandani, miwani mizito usoni, akijaribu kuingiza waya kwenye mashine na kukosa tundu, na kujaribu tena. Alipomwona Mama Difu mlangoni, amelowa, mkono mmoja umefumbwa, aliweka waya chini.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Sikai, Mzee." Alifumbua kiganja akamwonyesha ile punje. "Nimeitoa kwenye pikapu ya kijivu ya machimbo."

Mzee hakuichukua. Aliitazama tu.

"Nilimwambia yule bosi yasitoke machimboni," alisema hatimaye. "Magari yalikuwa yanakwama kwenye tope, tairi moja inazunguka bure, kazi imesimama. Akanibembeleza wiki nzima. Nikamwambia, kwenye tope sawa, tope linateleza, litasamehe. Lami haisamehi. Akaapa mbele yangu hapo ulipo."

"Hili kauziwa shemeji yangu. Kesho anapandisha walimu mlimani."

Mzee alifumba macho.

"Ufa umepita kwenye mstari wa tatu," Mama Difu aliendelea. "Uliona ulichokuwa unachomelea?"

"Siku hizi nikiwasha mashine naona mwanga tu, mwanangu. Chuma chenyewe nakikisia."

Hilo alikuwa halijui. Lilimchoma, lakini hapakuwa na nafasi yake.

"Yalikuwa mangapi, Mzee?"

"Mawili."

Alikuwa ameshalijua jibu. Konokono aliwashusha wale akina mama kila siku saa kumi, kwa barabara ya lami yenye kona saba. Alikuwa dereva wa pole kuliko wote mjini, hakuwahi kuvuka kilomita arobaini kwa saa, na watoto walimpita kwa baiskeli wakimzomea, naye akiwapungia. Mama Difu alimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hapokei akiwa nyuma ya usukani," alisema Mzee. "Hajawahi."

"Bado saa kumi haijafika."

"Mvua hii, binti yangu? Hawapondi kokoto kwenye mvua. Atakuwa ameshawapakia."

Walichukua gari dogo la Mama Difu kupanda machimboni, Mzee Cheche mbele, mikono yake imebana mapaja. Mafuta yalikuwepo, breki nzuri, lakini mlima ulionekana kurefuka. Vifuta maji vilikwenda na kurudi. Kwenye kona ya kwanza hawakukutana na mtu. Kwenye ya pili Mzee alisogeza uso karibu kabisa na kioo, akauliza, "Kuna alama kwenye lami?"

"Zipo."

"Fupi fupi?"

"Fupi fupi, Mzee. Za zamani na za jana."

Mzee alirudi nyuma akaegemea kiti.

Kwenye kona ya tano waliwaona akina mama. Walikuwa kumi na wawili, wamesimama mstari mmoja kando ya barabara, nguo zimeganda mwilini, nyundo zao bado mikononi. Hakuna aliyekuwa analia. Wote walitazama chini upande mmoja. Katikati ya lami lililala gurudumu la nyuma likiwa na shafti yake yote, limechomoka zima kama jino na mzizi wake.

Mama mmoja mrefu ndiye aliyeongea, polepole, kana kwamba anahesabu.

"Alisikia mlio pale juu. Akasimamisha. Akasema, mama zangu, mkia wa gari unanisukuma, sijapenda, shukeni mtembee mpaka kona ile, nitalishusha taratibu na kuwangoja. Tukamwambia, basi liache hapa. Akasema gari la watu haliachwi kwenye kona, litamuua mwingine. Alikwenda polepole. Dada, naapa, mtoto angempita kwa miguu. Alikata usukani, gari halikukata. Lilikwenda moja kwa moja."

"Muda gani?"

"Sasa hivi tu. Hata robo saa haijapita."

Pikapu ilikuwa chini ya korongo, imeegemea mwamba, taa moja inawaka. Mama Difu aliteremka kwa makalio na mikono. Konokono alikuwa bado kwenye kiti, mikanda imefungwa, usukani umemwingia kifuani. Macho yalikuwa wazi.

"Wameshuka wote?" Konokono alimuuliza.

"Wote, kaka yangu. Wako juu. Kumi na wawili."

"Kumi na wawili," alisema, na kama mtu aliyepokea mzigo na kuukuta umetimia, akaacha kuuliza.

Walimtoa, Mama Difu na wale akina mama, kwa mtaimbo na nyundo zao za kokoto. Kwenye gari dogo Mzee Cheche alikaa nyuma, kichwa cha Konokono mapajani. Kuanzia kona ya nne Mama Difu alimsikia mzee akiongea kwa sauti ya chini, akijitaja jina lake halisi, akisema alichofanya na siku aliyokifanya, akirudia. Kwenye kona ya pili alinyamaza. Mama Difu aliangalia kioo cha ndani, akaona mkono wa kushoto wa mzee umefunika macho ya Konokono.

Haraka ya hospitali ilikuwa imekwisha. Mzee aliomba ashushwe kituo cha polisi. "Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema akishuka. "Miaka yote nilidhani wanawasema watu wengine." Aliandikisha maelezo yake mwenyewe pale kaunta. Bosi wa machimbo alipoitwa alisema hamfahamu mzee huyo, hajawahi kumwona. Mzee akataja siku, saa, na rangi ya shati. Machimbo yalifungwa, kesi ikaanza mwendo wake wa kwenda na kurudi, na kibanda cha kuchomelea kikafungwa kufuli.

Kuhusu pikapu ya shemeji, Mama Difu alilifunga lile difu la kawaida. Alinyanyua magurudumu, akazungusha la kushoto, la kulia likarudi nyuma. Akajaza oili ya gia, themanini kwa tisini, mpaka ilipoanza kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu, akafunga. Shemeji alisimama pale muda wote bila utani hata mmoja, akiuliza kila bolti ni ya nini. Mdogo wake Mama Difu alikataa kukaa mbele kwa mwezi mzima. Difu lililochomelewa lilichukuliwa na polisi ndani ya gunia.

Wiki tatu baada ya mazishi, asubuhi, mjane wa Konokono alikuja gerejini. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu kama mumewe. Mama Difu alimpa kiti na chai.

"Nimekuja unieleze," alisema mjane. "Tangu mwanzo. Na usinirukishe hata hatua moja kwa sababu mimi ni mwanamke au kwa sababu nimefiwa."

Mama Difu alimweleza. Alimwonyesha difu jingine lililo wazi mezani, gia nne ndogo, zinavyozungukana, na zikifungwa gari linavyokataa kona. Alimweleza punje kwenye sumaku, mistari, kijimkia cha kushoto. Alipofika hapo alisimama. Angeweza kuiruka hatua iliyofuata. Hakuna aliyekuwepo siku ile ila yeye na stuli.

"Halafu nikakaa," alisema. "Nilishajua kwamba magari ni mawili, shemeji alikuwa ameniambia. Nilikaa nusu saa nikifikiria namna ya kumficha mwalimu wangu. Ndipo nikaondoka."

Mjane aliweka kikombe chini.

"Ungeondoka palepale, ungemkuta?"

"Ningemkuta juu, anawapakia."

Nje kulikuwa na mtu anapiga bati kulinyoosha, akaacha. Mjane alizigeukia zile gia nne. Akanyoosha mkono, akaisukuma moja kwa kidole, na nyingine tatu zikazunguka.

"Watu wote wameniambia ilikuwa siku yake," alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyenitajia saa."

Akainuka. Mama Difu alimsindikiza hadi barabarani, hatua kwa hatua. Walipofika, mjane hakumpa mkono, wala hakuondoka haraka. Walisimama pamoja pembezoni, magari yakipita, mpaka barabara ilipokuwa wazi, ndipo akavuka.